Mota Haiungui Bila Sababu
Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kuhesabu magunia, maghala na vyama vya msingi vilivyojiunga nasi, wala hatuna haja ya kuyarudia hayo. Sisi tumeagizwa na Kamati tuseme habari ya mota za umeme zinazoendesha mashine zetu. Mota hizo zimetuletea faida kubwa katika miaka hii 10, lakini pia zimetutia katika hasara na aibu. Aibu hiyo hatutaificha, kwa kuwa ilimwangukia mtu asiyeistahili, nasi tungependa watakaosoma kitabu hiki baada yetu wajue ukweli wake.

Wanachama wengi hapa wanakumbuka jinsi ilivyokuwa kabla ya nguzo za umeme kufika vijijini. Mahindi ya Kilolo na Mufindi yalisagwa kwa mashine za dizeli, na mahali pengi mama zetu walikwenda mwendo mrefu na debe kichwani, wakarudi jioni. Baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, umeme ulisogea kijiji baada ya kijiji. Leo unasaga unga, unavuta maji, na kule Rungwe unakata mabingobingo ya ng'ombe wa maziwa. Tena umeme huu si mgeni kwetu. Maji yanayokusanyika katika bonde la Usangu huingia Mto Ruaha Mkuu, yakageuza mitambo ya Mtera yenye uwezo wa megawati 80, kisha ya Kidatu yenye megawati 204. Maji ya Mto Kihansi, yateremkayo kutoka nyanda zetu, hugeuza mitambo ya megawati 180. Basi ni kama maji ya milima yetu yanaturudia kwa njia ya waya. Yatupasa tujue kuyapokea.

Sasa tueleze kisa chenyewe.

Katika mwaka wa nne wa Chama chetu, mota ya mashine ya kusaga ya chama kimoja cha msingi, upande wa Iringa, iliungua katikati ya mavuno. Tuliipakia garini siku ile ile tukaipeleka mjini kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akitufanyia kazi tangu mwanzo. Aliisuka upya, akaijaribu mbele yetu, ikazunguka vizuri. Haikupita majuma matatu, ikaungua tena. Wanachama walikasirika, nao walikuwa na haki, maana foleni ya magunia ilifika barabarani. Sisi wa ofisini tulikaa kikao kifupi, tukaandika barua kali. Katika barua ile tulimwambia fundi kwamba ametumia waya hafifu, kwamba amekula fedha za wakulima, na kwamba tangu siku hiyo asitegemee kazi ya Chama hiki tena. Nakala tuliibandika ukutani.

Mota tukampelekea fundi mwingine, kijana. Huyu hakuanza kuisuka. Aliifungua, akaitazama kitambo, kisha akatuita tutazame naye. Akatuonyesha kwamba nyaya za mota ya njia tatu hupangwa katika mafungu matatu. Mafungu mawili yalikuwa meusi kama mkaa, na la tatu lilikuwa safi, liking'aa kama siku liliposukwa. Akatuambia, "Mabwana, waya ungekuwa hafifu, mafungu yote matatu yangeungua, maana waya ni ule ule mmoja. Mota hii imenyimwa njia moja ya umeme. Nipelekeni kwenye swichi yake."

Tukampeleka. Ndani ya swichi ya kuwashia mashine aliikuta skrubu moja imelegea, na mahali pa kugusana pameungua kabisa, hata njia moja kati ya tatu ilikuwa ikikatika mashine ikipata joto. Hilo lingekuwa dogo, kwa sababu katika swichi ile kuna kifaa cha ulinzi kinachokata umeme mota inapoelemewa. Lakini kifaa kile kilikuwa kimerukwa kwa kipande cha waya. Mwendesha mashine alipoulizwa, alijibu kwa adabu kwamba kifaa kilikuwa kikikata umeme mara kwa mara, kazi ikachelewa, akaomba ruhusa ofisini, na ofisi ikamruhusu. Tulifungua jalada. Ruhusa ilikuwamo, nayo ilikuwa na sahihi yetu.

Ndugu wanachama, tulikwenda watu watatu nyumbani kwa yule mzee, tukamwomba radhi, tukaitoa barua ile ukutani. Alitukaribisha, akatuketisha, akatupa chai. Alisema maneno machache tu: "Wanangu, mimi mlinipa mota mkaniambia isuke, nami nikasuka. Siku nyingine niulizeni kwanza kwa nini imeungua." Leo, mbele ya mkutano huu, twamwomba radhi tena, hadharani kama tulivyomshutumu hadharani. Na mafunzo tuliyoyapata kwake, na kwa yule kijana, ndiyo tunayoyaweka katika kurasa hizi, ili kila chama cha msingi kiwe nayo.

Kwanza tufahamu mota zetu ni za namna gani. Ziko za njia tatu, ambazo huendesha mashine kubwa za kusaga na kukoboa. Ziko za njia moja, ambazo huendesha pampu ndogo na mashine za kukatia majani ya mifugo. Aghalabu hizi huwa na kopo dogo ubavuni, liitwalo kapasita, la kuisaidia mota kuanza. Namna zote hizi mbili hazina kitu kinachosugua ndani yake ila beringi. Namna ya tatu ni mota za kaboni, kama zile za kutobolea mbao na nyingi za mashine ndogo za kukata nyasi uwanjani. Humo vipande viwili vya kaboni husugua juu ya pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, navyo huisha kwa kutumika, kama raba ya kufutia inavyoisha.

Pili, mota inaposimama, uchunguzi una mpango wake, wala haifai kuurukaruka. Kabla ya yote, umeme ukatwe na fyuzi itolewe iwe mfukoni mwa fundi, asije mtu mwingine akawasha. Kisha mkanda utolewe. Mashine ya kukatia majani ina visu, na wengi wamepoteza vidole kwa kuizungusha mota huku mkanda ungali umefungwa.

Baada ya hapo fundi azungushe mhimili kwa mkono. Ukizunguka kwa ulaini bila sauti, beringi ni nzima. Ukikwaruza, au ukichezacheza juu na chini, beringi imekwisha, na huenda hilo ndilo lililoizuia mota hata ikapata joto. Beringi haikisiwi kwa macho dukani, husomwa namba yake. Kwa beringi za kawaida za mota zetu, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 huonyesha upana wa tundu kwa milimita. Hivyo namba 6205 ni ya mhimili wa milimita 25, na 6206 ni ya milimita 30. Nasi twatumia vumbi la unga kila siku, basi zilizofunikwa kwa mpira pande zote mbili ndizo zitufaazo.

Mhimili ukiwa mzuri, tazama umeme unaofika. Volti zipimwe mashine ikiwa kazini, maana umeme unaoonekana kamili mashine ikiwa imelala huweza kushuka sana mzigo unapoanza, hasa mwisho wa laini ndefu au penye waya mwembamba. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hushuka upesi kuliko volti zenyewe. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 184, yaani kufikia asilimia 80, nguvu ya kuanza hubaki asilimia 64 tu. Ndipo mota hunguruma isizunguke, na joto likapanda ndani yake.

Mota ya njia moja ikinguruma bila kuzunguka, na volti zikiwa kamili, kapasita ishukiwe kwanza kabla ya nyaya. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Imalizwe umeme wake kwa taa, isiguswe kwa bisibisi wala kwa mkono. Nyingi za mota zilizoletwa ofisini kwetu kutoka Rungwe kwa jina la "zimeungua" zilihitaji kapasita mpya tu, ambayo ni kitu cha kufungwa kwa dakika chache.

Mwisho, nyaya zenyewe zipimwe. Kipimo cha megga cha volti 500 huwekwa kati ya nyaya na ganda la mota, nacho kisionyeshe chini ya megaohmu 1. Mota iliyolala ghalani masika nzima yaweza kuonyesha chini ya hapo kwa unyevu tu, hasa kule Tukuyu ambako mvua haina mapumziko. Hiyo haihitaji kusukwa. Yakaushwe maji kwa joto la polepole, kwa mfano taa ya umeme itoayo joto ikae karibu nayo siku nzima, kisha ipimwe tena.

Ikiwa imeungua kweli, basi isifichwe wala isipelekwe haraka kwa msukaji. Mota iliyoungua ni ushahidi. Nyaya zote zikiwa nyeusi sawasawa, mota ilielemewa, au volti zilikuwa chini, au njia za hewa ziliziba. Ikiwa ni mahali padogo pameyeyuka na pengine pote ni pazima, nyaya ziligusana pale kwa unyevu, kwa mtikiso, au kwa meno ya panya. Na likionekana fungu moja safi na mawili meusi, au moja jeusi na mawili safi, mota ilipoteza njia moja. Ikiwa imefungwa kwa mtindo wa nyota, mafungu mawili huungua. Ikiwa ni mtindo wa pembetatu, huungua moja. Na sababu yake ni hii: njia moja ikikatika mashine ikiwa kwenye mwendo, mota haisimami. Huendelea kuzunguka kwa mlio mzito, ikivuta katika njia mbili zilizobaki kama mara 1.7 ya kawaida, na joto la nyaya huwa kama mara tatu. Ndiyo maana mwendesha mashine asiyejua husema, "Ilikuwa inafanya kazi tu, mara ikatoa moshi."

Habari ya mota za kaboni twaisema kwa kifupi, nayo pia ni hadithi ya ofisi yetu. Tulikuwa na mashine ndogo ya umeme ya kukata nyasi za uwanja. Ilipoacha kuzunguka tuliitupa stoo tukanunua ya pili, na hiyo ya pili ilipoacha tulikuwa tayari kununua ya tatu. Kijana wetu mmoja aliyetoka chuo cha ufundi akaomba azifungue. Katika zote mbili kaboni zilikuwa zimekwisha, zimebaki fupi hata springi haikuweza kuzifikisha kwenye pete ya shaba. Kwa bei ndogo ya kaboni nne, mashine mbili zikafufuka. Hata hivyo fundi atazame zaidi ya kaboni. Cheche chache ndogo chini ya kaboni ni kawaida. Cheche zinazoizunguka pete yote ni dalili ya ugonjwa katika nyaya za ndani, na kaboni mpya hazitaiponya. Pete iliyochafuka isuguliwe kwa msasa laini wa mbao, si kwa msasa wa chuma, kwa kuwa punje zake hupitisha umeme kati ya vipande vya shaba. Na mifereji iliyo kati ya vipande hivyo isafishwe kwa uangalifu.

Tukija sasa kwenye kusuka upya, hapa pana mambo manne ambayo mwanachama anayempa fundi kazi apaswa kuyadai. La kwanza, kabla ya kukatwa waya wowote, fundi aandike yote yaliyomo: maneno ya kibati, idadi ya mifereji, idadi ya mizunguko ya kila fungu, unene wa waya, na jinsi ncha zilivyounganishwa. La pili, nyaya za zamani zisiondolewe kwa kuitupa mota katika moto wa kuni. Chuma cha ndani ni mabamba membamba yaliyotengwa kwa utando mwembamba. Joto likizidi nyuzi 370 hivi utando huo huharibika, na tangu hapo mota hiyo itakuwa ya moto siku zote, hata ikisukwa na nani. La tatu, waya uwe wa shaba na wa unene ule ule. Wako wanaotumia alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Alumini huzuia umeme kama mara 1.6 kuliko shaba, basi katika mfereji ule ule haiwezi kuchukua mzigo ule ule. Mizani haidanganyi, kwani shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. La nne, baada ya kusukwa ipakwe vanishi, vanishi ikaushwe kwa joto, ipimwe kwa megga, kisha iendeshwe bila mzigo na umeme wa kila njia upimwe. Njia zote tatu zitoe hesabu zinazokaribiana.

Kuna jambo moja ambalo ni la nchi yetu hii ya juu. Wenye viwanda ulimwenguni huhesabu nguvu ya mota kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 za joto. Mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500, na Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi na haiondoi joto vizuri. Baridi yetu hufidia upungufu huo, lakini baridi iko nje. Ndani ya chumba cha kusagia, chenye dirisha lililozibwa na feni ya mota iliyoshona unga, hakuna baridi. Mafundi husema kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiasi hupunguza umri wa nyaya kwa nusu. Kwa hiyo brashi ya kufagia mfuniko wa feni kila jioni ni mlinzi wa mali ya wanachama, naye halipwi mshahara.

Ndugu wanachama, hatukusimama hapa kuwafundisha mafundi kazi yao. Tumesimama kwa sababu mota ni mali ya wote, na hasara yake huondolewa katika jasho la kila mmoja. Kamati imetuagiza tulete mbele yenu mapendekezo matatu.

Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na daftari la mashine. Liandikwe kibati cha kila mota, siku ilipotiwa beringi, volti zilizopimwa, na kila mara kifaa cha ulinzi kilipokata umeme. Kifaa kikikata mara kwa mara, hicho ni kilio cha mota, wala asiruhusiwe mtu yeyote kukiruka, hata akiwa na barua ya Katibu. Hasa akiwa na barua ya Katibu.

Pili, Chama Kikuu kinunue megga moja na mita moja ya kupima umeme wa kila njia, vikae ofisini kwa matumizi ya vyama vyote, na kila mwaka tupeleke vijana katika vyuo vya VETA vilivyoko Mbeya na Iringa wakajifunze kazi hii. Yule mzee fundi, kwa ukarimu wake, amekubali kuwapokea vijana hao katika karakana yake baada ya masomo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, isitolewe hata senti moja ya kusuka mota mpaka sababu ya kuungua kwake iwe imeandikwa katika daftari na kutiwa sahihi na fundi aliyeichunguza. Kama kanuni hii ingalikuwapo katika mwaka wetu wa nne, tusingalipoteza mavuno yale, wala tusingalimwandikia mtu mwema barua ile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumekwisha kujenga ukuta mara moja, tena kwa fedha zenu. Twawaomba mwinue mikono kuyakubali mapendekezo haya, ili miaka 10 ijayo atakayesimama mahali hapa awe na habari njema zaidi za kuwaeleza.

Idumu Ushirika wetu.